Tuta Letu, Mpunga wa Bibi

Bibi yule hajanilaumu hata siku moja. Mpaka leo nikimkuta barazani kwake anasuka ukili wa mkeka, huinua uso akaniuliza habari za wanafunzi kabla sijamaliza kumwamkia. Angenilaumu ningejitetea. Hoja za kujitetea ninazo, nimezipanga mara nyingi nikiwa ndani ya boti kutoka Nyamisati kurudi kijijini. Lakini hakuna anayeniuliza, basi hoja zangu zimekaa tu, na mimi nimekaa nazo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nimezaliwa Kibiti, kwa wazazi walioshuka kutoka vilima vya Umatumbi wakapata shamba la mikorosho nje kidogo ya mji. Nilipopangiwa kazi kwenye delta, upande wa Maparoni, mama alinifungia unga wa muhogo, akanionya kuhusu mamba, akanisomea dua mpaka nikachelewa gari. Nilikwenda na begi moja la nguo na kichwa kilichojaa maneno ya chuo.

Maneno hayo yalikuwa ya mkufunzi mmoja wa falsafa ya elimu. Wenzangu wengi walisinzia kwenye kipindi chake. Mimi nilikaa mbele. Siku ya kwanza aliingia na redio mbovu, akaiweka mezani.

"Redio ikiwa inasema," alituuliza, "nani kati yenu amewahi kuifungua?"

Hakuna mkono ulioinuka.

"Na ikinyamaza ghafla?"

Mikono ikainuka, na vicheko.

"Basi ndiyo hivyo. Mtu hafikiri mpaka akwame. Kazi yenu siyo kumpa mtoto majibu. Mwacheni akwame mahali panapomhusu, halafu msimharakishe. Abuni, ajaribu alichobuni, aone kimeleta nini, kisha abuni tena."

Alitufundisha kwamba shaka inachoma kama mchanga wa adhuhuri, kila mtu anataka kuruka haraka afike kivulini. Aliyeelimika, alisema, ni yule anayeweza kuvumilia kusimama pale kidogo zaidi akitazama pande zote. Nililipenda somo lile kuliko lolote nililowahi kusoma. Niliapa moyoni sitakuwa mwalimu wa kuimbisha watoto majibu.

Miaka miwili ya kwanza niliwaimbisha. Darasa lilijaa, vitabu vilikuwa vichache, na wakati wa kuamia ndege nusu ya watoto walikuwa mashambani kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, wakipiga madebe ndege wasimalize mpunga. Nilifundisha waliokuwepo, wakanirudishia maneno yangu kwa sauti moja, nikasahihisha madaftari. Usiku nilijisikia kama mtu aliyeweka nadhiri akaisahau.

Halafu siku moja, nikiwa nafundisha darasa la sita habari za chumvi na maji, msichana mmoja alinyoosha mkono. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti nene kuliko mwili wake, na aliishi na bibi yake mzaa mama kwa kuwa mama alikuwa Ikwiriri akiuza chakula stendi.

"Mwalimu," alisema, "kwa nini mpunga wa bibi unakufa upande mmoja tu?"

"Upande gani?"

"Wa mkondoni. Kila mwaka. Bibi anasema ni ardhi imechoka, lakini upande wa juu haujachoka, na ni ardhi hiyo hiyo."

Niliweka chaki chini. Nilihisi kama mkufunzi wangu amesimama mlangoni. Hapa palikuwa na mtoto aliyekwama, tena mahali panapomhusu: sahani yake mwenyewe.

Kesho yake niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu tukaenda shambani. Shamba la bibi lilikuwa mwendo mfupi kutoka shuleni, limeinama taratibu kuelekea mkondo unaojaa na kupwa na bahari. Upande wa juu mpunga ulisimama kijani. Ukishuka, rangi inapungua, mpaka karibu na mikoko unakuta mabua ya manjano yamelala kwenye tope. Niliwaambia watoto wasiniulize kitu. Waulizane.

Wakaulizana. Mmoja akasema ni kaa, wanakata mizizi. Mwingine akasema ni maji ya chumvi. Mwingine akasema shamba lina shetani, wakacheka, nikasema hata hilo tuliweke, tutaona namna ya kulijaribu. Tulirudi na makopo ya maji kutoka mkondoni, katikati ya shamba, na kisimani. Watoto waliyalamba kwa ncha ya ulimi, wakakunja nyuso. Tukaotesha mbegu za mpunga kwenye vifuu vya nazi, kila kifuu na maji yake. Za maji ya kisima ziliota. Za katikati ya shamba ziliota zikadumaa. Za mkondoni zikaoza.

Sijui nielezeje furaha ya wiki zile. Watoto waliokuwa wakitoroka walifika kabla ya kengele kuangalia vifuu. Walibishana njiani, walibishana kisimani. Baba mmoja alikuja kunilalamikia kwamba mwanawe anamhoji kuhusu kila kitu, hata kwa nini anaweka nyavu pale na siyo kule. Alilalamika huku anacheka. Na yule msichana aliyeuliza swali la kwanza aling'aa. Alitembea uwanjani kama mwenyekiti.

Tulipokubaliana kwamba ni chumvi, likaja swali la nini kifanyike. Watoto wakabuni tuta. Tujenge tuta la tope upande wa mkondo, refu kutoka kona hadi kona, tuzibe na ule mfereji ambao maji hupandia, ili maji ya chumvi yasiingie shambani.

Mtoto mmoja aliuliza, "Mwalimu, si tujaribu kwenye kipande kidogo kwanza?"

Swali lile lilikuwa sahihi kuliko yote yaliyoulizwa darasani mwangu mwaka ule. Nilimjibu, "Kipande kidogo hakitaonyesha kitu."

Uongo. Kipande kidogo kingeonyesha kila kitu, ila kisingeonekana kwa mbali. Na mimi nilikuwa nimeambiwa afisa elimu wa kata atapita kutazama kazi yetu, na kwamba mwishoni mwa msimu nitakwenda Kibiti kuwaeleza walimu wenzangu kwenye semina. Nilitaka watu wasimame kwenye tuta watazame shamba zima la kijani.

Nilikwenda mwenyewe kumwomba bibi. Alikuwa anapepeta mchele uani, mjukuu wake pembeni akiwa hajiwezi kwa shauku.

"Mmeona wapi jambo hili likifanywa?" bibi aliniuliza.

"Hatujaona, bibi. Ndiyo tunajaribu."

"Na mie nikikosa mpunga?"

"Bibi, tumeyapima maji. Chumvi ndiyo inayoua. Tukiizuia chumvi, mpunga utapona."

Alinitazama, kisha akamtazama mjukuu wake, akacheka kidogo. "Huyu siku hizi kila neno ni mwalimu kasema, mwalimu kasema. Haya, jaribuni."

Hakuwa na ujuzi wa siri alionificha. Hakujua, kama sisi tusivyojua. Alichokuwa nacho ni shamba moja na mjukuu mmoja, na alitupatia vyote viwili kwa mara moja.

Tuta lilijengwa na watoto, na baadhi ya wazazi walikuja na majembe. Lilifika kiunoni mwangu. Siku lilipokamilika niliwapanga watoto juu yake nikawapa sharti moja. Jaribio lisiguswe. Ukiligusa katikati hutajua ni kipi kilicholeta matokeo. Lisiguswe mpaka tukusanyike sote, tupime, tuandike. Nikawaambia wanirudishie. Wakarudisha kwa sauti moja, mara mbili, mikoko ikaitikia: jaribio lisiguswe. Sikusikia nilichokuwa nafanya.

Tulipanda. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda vizuri mno. Kijani kilishuka mpaka chini, kikafika mahali ambapo bibi alisema hajawahi kukiona tangu mumewe alipokuwa hai. Majirani walikuja kutazama. Afisa elimu wa kata alikuja, akapiga picha kwa simu yake, akanipa mkono. Mvua za bara zilikuwa chache mwaka ule, na mto haukuwa na nguvu zake za kawaida za kuisukuma bahari nyuma. Wazee walikuwa wanalisema hilo kila jioni msikitini. Nililisikia kama mtu anavyosikia habari za hali ya hewa za mkoa mwingine.

Mpunga ulipokuwa unakaribia kuchanua nilikwenda Kibiti. Semina ilikuwa ya siku kadhaa, kwenye ukumbi wa shule, na chai na maandazi, na makaratasi makubwa tuliyobandika ukutani. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikaeleza. Redio ya mkufunzi wangu, vifuu, tuta. Nilieleza namna watoto wanavyofikiri wakiachwa wafikiri. Walimu waliokuwa wanachezea simu waliziweka chini. Mmoja alisimama akasema kwa miaka yake yote ya kazi hajasikia somo la sayansi lililo hai namna ile. Nilijizuia nisitabasamu sana.

Simu yangu ilikuwa imezimwa sauti. Nilipoitoa wakati wa chai nikakuta namba nisiyoijua imepiga mara kadhaa. Wanakijiji hupigia yeyote aliyeko Kibiti. Mmoja anataka betri za kurunzi, mwingine dawa ya kikohozi. Nikajisemea nitapiga baadaye. Walimu walikuwa wamenizunguka wakiuliza vifuu tulivitoboa au hatukuvitoboa. Jioni nilipiga, nikaambiwa namba haipatikani. Nikalala kwa mama, nikala korosho, nikamsimulia na yeye.

Ilikuwa kipindi cha bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine. Na kwa kuwa mto ulikuwa dhaifu, bahari ilipanda mpaka pasipo pake. Ilipita juu ya tuta letu.

Miaka yote bamvua lilikuwa likiingia shambani kwa bibi na kutoka lenyewe maji yakipwa. Ndiyo maana mpunga ulikufa upande wa chini tu. Safari hii liliingia kwa juu, na lilipotaka kutoka likakuta tuta. Maji ya chumvi yakatulia ndani, kama ndani ya sufuria, kuanzia mikoko hadi nusu ya mteremko, na kila yalipojaa yakaongezeka yakapanda juu zaidi.

Haya nimeyapata kwa majirani, kwa vipande. Bibi aliona. Alichukua jembe akaenda kukata tuta. Mjukuu wake akamkimbilia akalishika lile jembe mpinini, analia. "Bibi, lisiguswe! Mwalimu kasema lisiguswe mpaka apime!" Walivutana pale kwenye tope, mzee na mtoto. Jirani mmoja akasema basi tumpigie huyo mwalimu tumuulize. Wakapiga. Wakapiga tena. Mtoto akamwomba bibi asubiri, mwalimu ataona namba, atapiga. Bibi akaliweka jembe chini.

Nilirudi na boti ya mchana, nimebeba karatasi moja ya semina iliyokunjwa vizuri kuwaonyesha watoto. Gatini nikaona watu wananitazama kisha wanaangalia pembeni. Nilikwenda moja kwa moja shambani na begi mgongoni. Maji yalikuwa yametulia kabisa, ungeweza kujitazama. Samaki wadogo walikuwa wanapita kati ya mashina. Bibi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya dungu. Msichana alikuwa amesimama juu ya tuta.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari."

"Bibi, kwa nini hamkukata?"

"Mtoto alisema tukungoje." Alisema bila ukali, kama anayeeleza kwa nini chai imepoa. "Haya, umekuja. Sasa tukate?"

Nilishika jembe lile mwenyewe. Maji yalitoka kwa kishindo, yakitupa tope kwenye nguo zangu za safari, na sikumtazama mtoto. Hilo nalo lipo kwenye hesabu yangu. Ningemtazama, ningemwita, ningemshika bega. Nilikata tuta kwa hasira kana kwamba ni mtu.

Mpunga karibu wote ulikufa. Upande wa juu kabisa uliponyoka mistari michache. Majirani, ambao hawakuwa na tuta, walipoteza kile kipande cha chini cha kila mwaka, wakavuna kilichobaki.

Watu walikuja kwa bibi kumpa pole kama kwenye msiba, nami nilikaa kwenye mkeka pamoja nao. Kila aliyeingia alisema ni kazi ya Mungu, bahari haina mwenyewe. Bibi akaitika alhamdulillahi. Nilikaa pale nikayaacha maneno hayo yanipite juu ya kichwa, nikijua kwamba nimejificha nyuma ya Mungu.

Kilichofuata ndicho kinachoniumiza kuliko vyote. Jumatatu niliingia darasani sijui niseme nini, nikaandika ubaoni neno moja: matokeo. Kisha mtoto mmoja akasema, polepole, kwamba tuta halikukosea kuzuia, lilikosea kutofungua. Mwingine akadakia: maji yanataka mlango. Tukiweka gogo lenye tundu chini ya tuta, na kifuniko, tunalifunga maji yakijaa na kulifungua yakipwa. Wakaanza kuchora. Wakaanza kubishana kifuniko kikae ndani au nje, mpaka mmoja akaonyesha kwa mfuniko wa ndoo kwamba kikining'inia upande wa mkondo, bahari yenyewe itakifunga ikipanda na kukiachia ikishuka. Lilikuwa somo bora kuliko lolote nililowahi kufundisha. Nilikuwa natembea kati ya madawati nikisema enhe, enhe, endelea, na kwa muda, sijui mrefu kiasi gani, nilikuwa na furaha kabisa.

Halafu nikamwona. Alikuwa ameketi mahali pake, mikono imelala juu ya dawati, anatazama ubao. Hakuwa analia. Alikuwa anasubiri kipindi kiishe.

Tangu siku ile hakunyoosha mkono. Nikimuuliza alijibu vizuri, kwa maneno ya kitabuni. Nilimpelekea bibi gunia la mchele kutoka Kibiti. Alilipokea, akashukuru, akasema mchele wa dukani hauna harufu lakini unashibisha. Nilifikiri nitalala vizuri zaidi baada ya hapo. Mwisho wa muhula msichana akahamishwa kwa mama yake Ikwiriri, kwa sababu nyumba ya bibi haikuweza kulisha watu wawili mpaka msimu mwingine. Hakuja kuniaga. Niliona boti tu ikiondoka na sanduku lake la bati juu ya mizigo ya wengine.

Wakati huo huo mambo yangu yalistawi. Nilialikwa semina nyingine. Niliambiwa niieleze tena kazi ile, nikaieleza, nikafika pale maji yalipopita juu ya tuta nikasema "tukapata changamoto, na watoto wakajifunza kutokana nayo". Neno hilo, changamoto, lilitoka kinywani bila kukwama. Walimu wakapiga makofi. Nilipokaa chini nilijiona kama mtu aliyekula chakula cha matanga akasifia nyama.

Likizo iliyofuata nilikwenda Ikwiriri. Sikumwambia mtu. Nilimkuta msichana nyuma ya banda la mama yake, anachambua mchele kwenye ungo. Alikuwa amerefuka. Alisimama akaniamkia kwa adabu, akaniletea kigoda, akaniletea chai nisiyoiomba. Mama yake alikuwa mbele na wateja wa basi la Lindi.

"Nimekuja kukuambia," nilisema, "kwamba kosa lilikuwa langu."

Aliendelea kuchambua. "Hapana, mwalimu. Mimi ndiye niliyemzuia bibi."

"Mimi ndiye niliyekufundisha umzuie."

"Lakini wewe hukuwepo," alisema. Hakuwa ananishtaki, alikuwa anaweka mambo sawa, kama alivyofanya siku zile za vifuu. "Tulikupigia hukuwepo. Mimi nilikuwepo. Niliona samaki ndani ya mpunga. Nilishuka nikayalamba yale maji."

"Yalikuwaje?"

"Chumvi. Ya mkondoni kabisa."

Nilikuwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini. "Ulijua?"

"Nilijua." Akatupa punje mbovu. "Lakini nilifikiri kujua kwangu bado siyo kujua, mpaka mwalimu apime."

Nilikaa pale kwenye kigoda. Basi la Lindi lilipiga honi, mama yake akapaza sauti kuhesabu sahani. Miezi yote ile nilikuwa nimejilaumu kwa ukubwa wa tuta, kwa simu, kwa semina. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini mtoto huyu alikuwa amekuja kwangu akiwa tayari anafikiri, akiwa na swali lake mwenyewe na ulimi wake mwenyewe, na mimi nikamfundisha hatua za kufikiri mpaka akaacha kuuamini ulimi wake. Niliwaimbisha kama zamani. Nilibadilisha wimbo tu.

"Ungekata," nilimwambia. "Ulipolamba tu, ungekata. Hayo ndiyo yalikuwa majibu. Hayakuhitaji mimi."

"Sasa najua," alisema. Kisha, akitikisa ungo, "Bibi anapata mboga?"

"Anapata. Majirani wanampa samaki."

"Miguu inamuuma bado?"

"Inamuuma."

Hakuuliza habari za darasa wala za mlango wa maji, na mimi sikumweleza. Nilikunywa ile chai. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani akanibebea mfuko.

Muhula ulipofunguliwa watoto walitaka kuujaribu mlango wao wa gogo. Safari hii niliwaita wazazi kwanza. Bibi alikuja pia, akaketi mstari wa mbele na mkongojo wake. Niliwaeleza yote mbele yake: kipande kidogo nilichokikataa, sharti nililotoa, namba ambayo sikuipigia hima. Nikawaambia tunachobuni sasa, na kinachoweza kupotea kama tumekosea. Wakanisikiliza. Mzazi mmoja akasimama akasema anaheshimu elimu, lakini shamba lake siyo ubao, halifutiki. Wengine wakaitikia. Nilishukuru moyoni, halafu nikaona haya kwa kushukuru.

Ndipo bibi aliponena. "Langu lipo. Mie mwaka huu nalima juu tu, miguu haitaki. Chini jaribuni."

"Hapana, bibi," nilisema.

"Unakataa nini? Siku ile sikuwapa shamba kwa kuwa nilijua litapona. Niliwapa kwa kuwa mjukuu wangu alikuwa anauliza."

Nilikataa mbele ya watu wote, na alikasirika. Ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika nami. Tulitumia kipande cha shule nyuma ya vyoo, ardhi mbaya, ambacho mkondo hukifikia wakati wa bamvua. Niliwaambia watoto yeyote akiona jambo haliko sawa afungue, afunge, abomoe, asimngoje mtu. Walibomoa mara nyingi, mara nyingine bila sababu ya maana. Mpunga uliotoka haukujaza ndoo. Ila ulitoka, na kabla ya msimu mwingine watu wawili watatu wakaweka magogo kwenye mashamba yao, na wengine wanaendelea kubisha kama yanasaidia. Mimi mwenyewe sina hakika. Mto umekuwa na nguvu tangu hapo, hatujaona tena mwaka kama ule.

Msichana alimaliza la saba Ikwiriri, akafaulu. Likizo hii amekuja kwa bibi kumsaidia kuvuna, nami nikaitwa kula mchele mpya. Tuliketi watatu kwenye mkeka. Kulikuwa na kamba wa nazi. Msichana alizungumza na bibi yake habari za shule, za bweni, za mwalimu wa hisabati anayevuta maneno, na bibi alicheka mpaka akakohoa. Kwangu alisema, "Mwalimu, ongeza mchuzi," na baadaye, "Mwalimu, maji haya." Alikuwa mwema kwangu, kama mtu anavyokuwa mwema kwa mgeni.

Bibi aliniongezea wali bila kuniuliza. Nilikula wote. Ulikuwa na harufu nzuri, na ulinishuka kwa shida, lakini kuuacha sahanini kungekuwa kumtaka bibi anibembeleze, na hilo sina haki nalo.